Kifundo kimekaza, unyayo unauma: namna ya kuifungua miguu kwa mikono

Watu wengi mguu ukiuma wanachua pale pale panapouma. Kisigino kinauma, basi ni kukisugua kisigino na dawa ya kuchua mpaka ngozi inawaka, halafu kesho asubuhi ukishuka kitandani hatua ya kwanza ni maumivu yale yale. Mimi nasema hivi, kabla hujachua chochote tafuta kwanza ni wapi hapasogei, kwa sababu kwenye mguu mara nyingi panapouma ni pale panapobeba kazi ya mwenzake aliyegoma. Kifundo kikigoma kupinda, unyayo unavutwa kuliko uwezo wake, kidole gumba kikigoma kukunjuka mtu anaanza kutembelea ubavu wa nje wa mguu na baada ya miezi analalamika goti, na wala hakumbuki kwamba kilianza kidole. Kwa hiyo kazi ni tatu: pata pasiposogea, pafungue kwa mikono, halafu papo hapo simama ukautumie huo mwendo ulioupata. Hiyo ya tatu ndo watu wanaisahau, na bila hiyo ya tatu kesho kiungo kimerudi kulekule.

Kwanza nani asiguse

Najua hii sehemu watu wanairuka. Usiiruke.

Kama umeteguka leo au jana, kuna kipimo ambacho madaktari wanakitumia kuamua nani apigwe eksirei na nani asipigwe, kilitengenezwa Ottawa kule Kanada mwaka 1992, na sehemu kubwa unaweza kujipima nyumbani mwenyewe. Bonyeza mfupa kwenye lile fundo la nje la mguu na lile la ndani, upande wa nyuma, kuanzia kwenye ncha yake ya chini kupanda juu kama sentimita 6. Bonyeza pia ule mfupa uliotokeza katikati ya ubavu wa nje, ukifuata kidole kidogo kurudi nyuma, na ule uliotokeza upande wa ndani juu ya upinde wa unyayo. Mfupa wenyewe ukiuma unapobonyezwa, au tangu umeumia huwezi kupiga hata hatua 4 za kuchechemea, nenda kapige picha, habari za kuchua ziache kwanza.

Kigimbi kimoja kikivimba, kikawa cha moto na kinauma, hasa kama umetoka kwenye operesheni, umelazwa muda mrefu, umefungwa plasta, umejifungua karibuni au umekaa kwenye basi siku nzima, hicho usikichue kabisa. Inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, na ukiikanda donge linaweza kung'oka likapanda mpaka kwenye mapafu. Hospitali siku hiyo hiyo.

Mwenye kisukari na ganzi miguuni: asichuliwe kwa nguvu, asiwekewe maji ya moto, kwa sababu hasikii na ataungua au kuchubuka bila kujua. Na kama mguu wake mmoja umevimba na una joto kuliko mwenzake, hata kama hauumi sana, huo ni wa daktari haraka, inawezekana mifupa inavunjika kimyakimya humo ndani. Wekundu kwenye ngozi nyeusi hauonekani vizuri, kwa hiyo usitegemee macho, weka mgongo wa mkono wako juu ya mguu mmoja halafu mwingine ulinganishe joto.

Kidole gumba kilicholala kizima kikaamka usiku wa manane kimevimba, hata shuka likikigusa unataka kulia, hiyo inanukia gauti, inataka dawa, haitaki mikono. Na kama ulikuwa unakimbia ukasikia kitu kinapasuka nyuma ya kisigino kama umepigwa teke halafu ukageuka hakuna mtu, lala kifudifudi miguu ining'inie nje ya kitanda, mwambie mtu abinye kigimbi chako. Unyayo unatakiwa utikisike kidogo. Usipotikisika, kano imekatika, kimbia hospitali.

Mtoto wa miaka 8 mpaka 14 anayecheza mpira na analia kisigino, usimkande ule mfupa, mara nyingi ni sehemu ya mfupa inayokua inavutwa na kano, mpunguzie michezo kwanza na apate viatu vyenye kisigino laini.

Haya, kama wewe si mmoja wa hao, tuendelee.

Tafuta pasiposogea

Mguu mmoja, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26 na viungo 33. Huwezi kuvijua vyote na huna haja. Jua vinne tu: kifundo chenyewe, kiungo kilicho chini yake kinachofanya kisigino kicheze kulia na kushoto, mifupa ya katikati ya mguu, na kidole gumba.

Kipimo cha kifundo ni cha ukutani. Simama umeangalia ukuta, weka mguu mmoja mbele, vidole vikiuelekea ukuta, kisha peleka goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka hata kidogo. Ukigusa, rudisha mguu nyuma kidogo, jaribu tena, mpaka ufike pale ambapo goti linagusa kwa shida na kisigino bado kiko chini. Pima toka ncha ya kidole gumba mpaka ukutani. Wengi wenye vifundo vizima wanafika sentimita 10 au zaidi. Ila namba yenyewe isikusumbue sana, kuna watu wamezaliwa na vifundo vigumu na hawana shida yoyote, cha kuangalia ni tofauti kati ya mguu na mguu. Ukikuta mmoja una 11 na mwingine una 7, umeshajua wa kufanyia kazi. Iandike hiyo namba mahali, kwenye simu au kwenye kalenda ya ukutani, utaihitaji.

Na wakati goti linaenda mbele, sikiliza vizuri panapokukamata ni wapi. Hili ndo la maana kuliko sentimita. Kikikaza nyuma, kwenye kigimbi au kwenye kano, shida ni misuli. Kikibana mbele, pale kwenye mkunjo wa kifundo, kama kuna kitu kimekwama mlangoni, shida ni kiungo chenyewe, na hapo hata unyooshe kigimbi mwaka mzima hutapata kitu.

Ukitaka kipimo kisicho na ukuta, choo cha kuchuchumaa kinatosha. Mtu mwenye kifundo kigumu akichuchumaa visigino vinanyanyuka, anakaa kwa kubalansi kwenye vidole, au mguu mmoja unageukia nje peke yake. Na kwa wanaoswali, angalia kikao cha tahiyatu. Mguu wa kulia unasimama na vidole vimekunjwa kuelekea mbele, hapo unapima kidole gumba. Mguu wa kushoto umelazwa mgongo wake chini, hapo unapima sehemu ya mbele ya kifundo. Nimeona wazee wengi wanahamia kwenye kiti wakisema ni magoti, ukimpima unakuta magoti yana nafuu, kilichomshinda ni kidole gumba au kifundo ambacho aliteguka zamani kikapoa vibaya.

Kidole gumba unakipima ukiwa umekaa kwenye kiti, unyayo chini, ukivute kwenda juu kwa mkono. Kutembea vizuri kunataka kidole kiinuke mpaka kama nyuzi 60 hivi, yaani zaidi ya nusu ya njia ya kusimama wima. Kisigino nacho, weka mguu juu ya goti la pili, kishike kisigino kwa kiganja, kitikise kulia kushoto. Kinatakiwa kicheze, kwa ndani zaidi kuliko nje.

Maandalizi, kwa kifupi

Kaa mahali ambapo mgongo hauumii. Kata kucha za mikono, jamani. Mafuta yapake kidogo tu kwa ajili ya vigimbi na unyayo, ya nazi au ya mgando yote sawa, hakuna mafuta yanayopenya mpaka kwenye kiungo, ni ya kuutelezesha mkono. Kwa kazi ya kusukuma viungo usipake kitu, mkono utateleza. Maji ya uvuguvugu dakika 10 kabla yanasaidia mguu uliokaza kwa muda mrefu, ila si ule ulioteguka leo.

Na sheria ya maumivu ni hii, kati ya 0 na 10 usipite 3. Inauma vizuri, sawa. Inauma mpaka unashika pumzi au unauvuta mguu, umezidisha. Kipimo cha mwisho ni asubuhi inayofuata, kama mguu umeamka vibaya kuliko jana, kesho punguza nusu.

Vigimbi

Anza hapa kwa sababu ni rahisi na kinachokaza huku kinavuta kisigino. Kaa, weka kigimbi cha mguu unaouma juu ya goti la pili, au juu ya chupa iliyoviringishwa taulo. Tumia vidole gumba viwili kubonyeza polepole toka katikati ya kigimbi kushuka, ukikuta pamekaza kama fundo la kamba, tulia hapo sekunde 30 hivi huku unapandisha na kushusha unyayo taratibu. Mkono umebonyeza, mguu unacheza, hiyo inafanya kazi kuliko kusugua tu juu juu.

Misuli iko miwili, mmoja juu ya mwingine. Ule mkubwa wa juu unavuka goti, ule wa chini hauvuki. Kwa hiyo ukinyoosha na goti limenyooka unampata wa juu, ukipinda goti unampata wa chini. Watu wananyoosha kwa goti lililonyooka tu maisha yao yote, halafu wanashangaa. Fanya yote mawili, sekunde 30 mara tatu kila upande.

Usibonyeze kwa nguvu nyuma ya lile fundo la ndani, pale unaposikia mapigo ya damu. Unapita mshipa wa fahamu na wa damu pamoja, ukipakandamiza utapata shoti kwenye unyayo. Na kama maumivu yako yako pale pale kano inapoingia kwenye mfupa wa kisigino, usining'inize kisigino kwenye ngazi, unaikandamiza kano kwenye mfupa na unaizidishia hasira.

Kifundo chenyewe

Sasa hapa ndo penye utamu, tulia.

Ndani ya kifundo kuna mfupa mmoja umekaa juu ya kisigino, umebanwa kushoto na kulia na yale mafundo mawili. Unaitwa talasi. Una mambo mawili ya ajabu, moja hauna msuli hata mmoja ulioshika juu yake, unafuata tu mifupa jirani inavyouelekeza, na la pili sehemu yake ya juu ni pana mbele kuliko nyuma. Goti linapoenda mbele, huu mfupa unatakiwa uteleze kurudi nyuma uingie vizuri kati ya yale mafundo. Baada ya kuteguka, au kukaa na plasta wiki kadhaa, kule kuteleza nyuma mara nyingi kunapungua, goti linaenda mbele lakini mfupa haurudi, ndo ule mbano unaousikia mbele. Kwa hiyo tunachofanya ni kuusaidia kurudi nyuma, basi. Hakuna mfupa unaorudishwa mahali pake kwa sababu haukutoka.

Ukiwa na msaidizi: lala chali, kisigino kitokeze nje ya ukingo wa kitanda. Msaidizi mkono mmoja ashike mguu kwa chini, juu kidogo ya kifundo, autulize kitandani. Mkono wa pili aufungue, ule uwazi kati ya kidole gumba na kidole cha shahada aukalishe mbele ya kifundo, chini kidogo tu ya mstari unaounganisha yale mafundo mawili. Akipanda juu sana atakuwa anasukuma ugoko, akishuka sana atakuwa katikati ya mguu, ni pale pale kwenye mkunjo. Halafu asukume moja kwa moja kuelekea sakafuni, anasukuma anaachia, anasukuma anaachia, kama mara moja au mbili kwa sekunde, bila kurusha. Dakika moja, apumzike, arudie mara tatu.

Nguvu kiasi gani? Kuna Mwaustralia mmoja, Geoffrey Maitland, alizigawa nguvu hizi kwenye daraja nne na mafizio, yaani wataalamu wa tiba ya viungo, dunia nzima bado wanazitumia. Daraja la kwanza ni kutikisa kidogo tu mwanzoni mwa mwendo, la pili ni kutikisa kwa upana lakini hujagusa ukomo, la tatu kwa upana mpaka kwenye ukomo, la nne ni kidogo kidogo kule kule kwenye ukomo. Mguu unaouma sana unafanyiwa la kwanza na la pili. Mguu usiouma ila umekaza unafanyiwa la tatu na la nne. Kosa la mtaani ni kumfanyia la nne mtu ambaye mguu wake unauma hata ukiangaliwa. Lile pigo moja la ghafla la mwisho wa mwendo haliko humo, hilo waachie waliosomea.

Ukiwa peke yako, na hii kwa maoni yangu ni nzuri kuliko ya msaidizi kwa sababu unaifanya ukiwa umesimama: tafuta tyubu ya baiskeli ya zamani, ioshe, ifunge kwenye mguu wa meza nzito au nguzo, karibu na sakafu. Geuka uipe nguzo mgongo. Ingiza mguu kwenye tyubu, ikae mbele ya kifundo pale pale kwenye mkunjo chini ya mafundo, weka kitambaa chini yake isikuchune. Sogea mbele mpaka tyubu ivute kweli kweli kwenda nyuma. Weka huo mguu kwenye ngazi ya chini au tofali pana lisilocheza, halafu peleka goti mbele juu ya vidole, kisigino chini, hesabu mbili, rudi. Mara 10, pumzika, seti tatu. Tyubu inauzuia ule mfupa nyuma wakati ugoko unaenda mbele, ni ule ule mchezo wa mikono ila sasa na uzito wako juu yake.

Wazo la kusukuma kiungo huku mgonjwa mwenyewe akikitembeza ni la Brian Mulligan wa New Zealand, na sharti lake ni moja na ni tamu: isiume. Ukisikia mbano mbele, badilisha, shusha tyubu kidogo, geuza goti lielekee zaidi kwenye kidole kidogo, ongeza mvuto. Ukipata pembe isiyouma, fanya hapo. Ukibadilisha kila kitu na bado kinabana kama jiwe limegonga jiwe, acha, huenda kuna mfupa umeota mbele ya kifundo, na huo hausukumwi na tyubu.

Ukimaliza, rudi ukutani ukapime. Ikiwa ulikuwa na 7 na sasa una 8, umepata njia yako. Isipobadilika hata kidogo baada ya siku kadhaa, pengine tatizo halikuwa hapo, nenda kwenye vigimbi au kwenye kisigino.

Kisigino na katikati ya mguu

Kisigino hakina mambo mengi. Mguu juu ya goti, mkono mmoja umeshika kifundo kwa juu, mwingine umekumbatia kisigino, kivute kidogo kama unataka kukitenganisha halafu kitikise kulia kushoto dakika moja. Watu walioteguka mara nyingi wanashangaa kilivyokuwa kigumu.

Katikati ya mguu fanya kama unakamua nguo. Mkono mmoja umeshika karibu na kisigino, mwingine karibu na vidole, mmoja unageuza huku mwingine unageuza kule, polepole, mara 10. Halafu shika mizizi ya vidole viwili vilivyo jirani, kimoja kila mkono, kimoja kipande kingine kishuke, nenda kwenye jozi inayofuata, mpaka umalize. Wanaovaa viatu vyembamba vya ofisini au raba za kubana wanaisikia hii kuliko wote. Ila kama kati ya kidole cha tatu na cha nne kuna shoti au ganzi inayokwenda kwenye vidole, usibane mguu pembeni, panua viatu kwanza.

Kidole gumba

Shika mfupa mrefu nyuma ya kidole kwa mkono mmoja, usiuache usogee. Mkono wa pili shika kidole karibu kabisa na kiungo, si kwenye ncha, ukishika ncha unapinda kiungo kile cha pili na unajidanganya. Kivute kwa mbele polepole kama unakirefusha, hesabu 10, legeza. Bado kikiwa kimevutwa kidogo, kitelezeshe juu chini, mwendo mdogo sana. Dakika moja. Halafu ndo ukipandishe juu mpaka kinapoanza kukaza, hesabu 10, shusha, mara 5.

Kama juu ya kiungo pameota nundu ngumu na kidole hakipandi kabisa hata bila kusimama, usikilazimishe, kiungo kimeliwa. Hapo viatu vyenye soli ngumu inayojikunja kidogo tu vinasaidia kuliko mikono ya mtu yeyote.

Unyayo unaouma asubuhi

Wale wa hatua ya kwanza asubuhi kama umekanyaga msumari, halafu ukitembea kidogo inapungua, halafu jioni inarudi. Chini ya unyayo kuna utando mgumu unaotoka kisigino mpaka mizizi ya vidole, umechoka pale unapoanzia kwenye kisigino. Kuviringisha chupa ya maji yaliyogandishwa chini ya unyayo kunatuliza, fanya, dakika 5 jioni, ila usidhani ndo tiba.

Kinachosaidia zaidi ni hiki, na kifanye kabla hujakanyaga chini asubuhi, ukiwa bado kitandani. Mguu unaouma juu ya goti la pili, vuta vidole vyote vya mguu kuelekea kwenye ugoko mpaka usikie upinde wa unyayo umekaza kama waya, uguse kwa kidole cha mkono mwingine kuhakikisha umekaza. Hesabu 10. Mara 10. Rudia mchana na jioni, mara tatu kwa siku. Ni kitu cha bure na watu hawakifanyi kwa sababu ni cha bure.

Halafu siku moja ndiyo siku moja hapana, simama kwenye ngazi, kunja taulo weka chini ya vidole vya mguu ili vibaki vimepinda juu, panda kwa mguu mmoja kwa sekunde 3, kaa juu sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Seti tatu za mara 12 hivi, shika ukuta. Ukishindwa mguu mmoja anza na yote miwili. Baadaye ikiwa rahisi, vaa begi mgongoni lenye vitabu au chupa za maji. Hii inachukua miezi, sikufichi.

Na ndala, mtu wangu. Zile bapa kabisa zilizoisha kisigino ukishinda nazo kutwa nzima sakafuni kwenye saruji, unabomoa ulichojenga asubuhi. Tafuta zenye soli nene na kisigino kilichoinuka kidogo, hata za ndani ya nyumba.

Ukishafungua, tumia

Kila ukimaliza mikono, ndani ya dakika hizo hizo: kuchuchumaa mara 10 umeshika mlango au nguzo, visigino chini. Kusimama mguu mmoja sekunde 30 kila upande, ukizoea fumba macho. Kutembea hatua kadhaa ukikusudia kisukumio cha mwisho kiwe kidole gumba. Nzima inakula dakika 15, mara moja kwa siku inatosha, mikono ikichoka fanya siku moja na kuruka moja lakini mazoezi ya kusimama yabaki kila siku.

Kuhusu kuteguka na kuvutwa

Bado mtu akiteguka jioni anapelekwa kuvutwa, na asipolia wanasema hajavutwa. Mguu ulioteguka una kano zilizochanika kwa ndani, ukizivuta unaendeleza pale ulipoishia ule mteguko. Ile sauti ya "kah" ambayo kila mtu anaifurahia ni hewa ndani ya majimaji ya kiungo, si mfupa uliorudi. Siku mbili tatu za mwanzo funga bandeji, inua mguu juu ya mto, usikande na maji ya moto, usichue pale palipovimba, lakini kanyaga kadiri unavyoweza na chora herufi hewani kwa kidole gumba mara kadhaa kwa siku. Uvimbe ukianza kushuka, ile ya msaidizi kusukuma kifundo kwa daraja la kwanza na la pili inaweza kuanza, taratibu, bila maumivu. Tyubu subiri mpaka utembee bila kuchechemea.

Ukifanya haya yote kwa wiki 4 mpaka 6 na namba yako ya ukutani imegoma, au maumivu yanakuamsha usiku, au ganzi inaongezeka, nenda kwa fizio aliyesajiliwa. Hospitali za rufaa na nyingi za mikoa zina idara ya fiziotherapia. Mpelekee namba zako ulizoandika, ya mguu wa kulia na wa kushoto, mwambie kinabana mbele au nyuma, umeokoa nusu ya kikao. Na akikupaka mafuta tu nusu saa nzima bila kukupima kitu na bila kukupa zoezi hata moja la kufanya nyumbani, kikao kijacho tafuta mwingine.